Presha Haibishi Hodi: Mhudumu wa Afya wa Kitongoji Apewe Haki Yake



Mwaka uliopita nilihudhuria mazishi matatu katika vijiji vya wilaya yetu ya Chamwino, na katika yote matatu historia ya marehemu iliposomwa kaburini ilimalizika kwa neno moja: ghafla. Wa kwanza alianguka akipepeta uwele. Wa pili aliamka alfajiri mdomo umepinda na mkono wa kuume haunyanyuki, akaishi siku nne. Wa tatu, baba wa watoto watano, alilala mzima na asubuhi akakutwa ameaga dunia. Hakuna hata mmoja wao aliyefikisha umri wa miaka sitini. Nilipouliza ni lini walipimwa shinikizo la damu, ndugu zao walitazamana. Wawili kati yao, kwa kadiri familia zilivyojua, hawakuwahi kupimwa maishani mwao.

Katika mazishi ya yule wa pili lilitokea jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Watu walipokuwa wameketi matangani, maneno yalianza kunong'onwa chini ya mti kwamba mdomo haupindi bure, kwamba hapo pana mkono wa mtu. Kabla jua halijazama mkono huo ulikuwa umekwisha kupewa mwenyewe: mama mkubwa wa marehemu, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote aliyowapikia wengine. Mama huyo sasa halali kwake. Amehamia kwa binti yake katika kijiji kingine, na shamba lake halikulimwa msimu uliofuata. Kwa hiyo kiharusi kimoja kilimuua mtu mmoja na kumfukuza mwingine. Wapo wanaosema kwamba maradhi ya moyo ni kazi ya madaktari na hayaihusu kamati ya haki na amani. Nawaomba wamfikirie mama huyu kwanza, kisha waendelee kusoma.

Neno ghafla si la kweli

Anayeifahamu pampu ya kisima cha kijiji hana shida ya kuelewa kazi ya moyo. Pampu husukuma maji katika mabomba. Mabomba yakiwa yameziba au yamekakamaa, pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ikidumu, ama bomba hupasuka ama pampu yenyewe huchoka. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa huumia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu yoyote. Mshipa wa kichwani ukipasuka au ukiziba, hicho ndicho kiharusi. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, mtu hushikwa kifua na huenda akafa palepale. Figo nazo huharibika kimya kimya. Kwa hiyo yule ndugu aliyeanguka akipepeta uwele hakuanguka ghafla hata kidogo. Huenda alikuwa akianguka kwa muda wa miaka kumi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Waganga huhesabu shinikizo kwa tarakimu mbili, ile ya juu na ile ya chini. Likifika 140 kwa 90 au kupita hapo, tena kwa vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, mtu huyo anahesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takribani Mtanzania mmoja kati ya wanne wa umri huo anayo hali hiyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu bilioni 1.28 duniani, wenye miaka 30 hadi 79, wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajui. Ukihesabu mabenchi ya kigango chako siku ya Jumapili, unaweza mwenyewe kukadiria ni wangapi wameketi hapo wakiimba hali mabomba yao yamekazwa.

Imezoeleka kusemwa kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa, wa watu wa magari na vitambi. Dhana hii imetugharimu sana. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako watu wengi ni wakulima. Walikuta kiharusi pande zote mbili. Mjini kilikuwa kingi zaidi, lakini mashambani nako hakikukosekana. Kabla ya hapo, kumbukumbu za vifo zilizokusanywa nchini katika miaka ya 1990 zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba watu wa makamo hapa kwetu hufa kwa kiharusi kuliko wenzao wa umri huohuo nchini Uingereza. Sababu kubwa haikuwa utajiri. Ilikuwa ni presha isiyopimwa na isiyotibiwa.

Na katika chakula chetu? Ugali wa uwele au wa mtama na mlenda ni chakula chema, nisingependa mtu yeyote autupe mlenda kwa sababu yangu. Tatizo ni tunachokitia ndani yake. Magadi yanayolainisha mlenda yana ile ile asili iliyomo katika chumvi, ambayo hupandisha shinikizo, na mpishi akiisha kutia magadi hutia na chumvi juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Nendeni mnadani mkaangalie nyama choma inavyoliwa: kisahani cha chumvi na pilipili kimewekwa pembeni, na kila kipande huchovywa. Mtu mmoja humaliza kijiko chake cha siku kabla hajamaliza mguu wa mbuzi. Ongeza pombe, ongeza tumbaku, ongeza bodaboda inayotupeleka hata mahali ambapo wazazi wetu walikwenda kwa miguu. Hayo yote ni mambo ya nyumbani na ya kijiweni, na daktari wa mjini hana namna ya kuyafikia.

Nisisahau watoto. Mtoto anayeumwa koo mara kwa mara na asitibiwe anaweza kupata homa inayoshika viungo na baadaye kuharibu vali za moyo. Akiwa kijana huanza kuhema akipanda kilima, akiwa mama hupata hatari wakati wa kujifungua. Penisilini inayotolewa mapema koo linapouma hulizuia jambo hilo. Upasuaji wa vali, ambao hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ni kazi ya kustaajabisha na tunaishukuru, lakini ni njia ndefu na ya gharama kufika huko kutoka Mpwayungu au Itiso kwa sababu ya koo ambalo lingetibiwa nyumbani.

Mtu anayeweza kuingia uani

Ni nani basi anayeweza kumfikia mkulima kabla ya kuanguka? Hospitali tunazo, na nzuri. Mvumi imewahudumia watu wa nchi hii kwa vizazi. Benjamin Mkapa jijini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, ina wataalamu wa moyo. Lakini mtu asiyeumwa haendi hospitali, na presha haiumi. Anayehitajika ni mtu anayeweza kuingia uani akasema "Mbukwenyi", akakaribishwa kigoda, akaulizwa habari za mvua, na baada ya hapo akatoa mashine ya presha mfukoni bila mtu kushtuka. Mtu huyo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayetoka katika kitongoji hichohicho.

Huduma hii si ngeni. Tangu kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, na hasa baada yake, nchi yetu iliwafundisha wahudumu wa afya vijijini. Wazee wa Chamwino wanakumbuka miaka ile. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipokuja mwaka 1971 kufyatua matofali pamoja na wananchi wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, na wahudumu wa afya walikuwa sehemu ya ndoto hiyohiyo. Ilikuwaje wakatoweka? Jibu ni fupi. Malipo yao yaliachiwa serikali za vijiji, na serikali za vijiji hazikuwa na fedha. Mhudumu alipewa sanduku la dawa, akapigiwa makofi, na sanduku lilipokwisha akarudi shambani kwake kama alivyokuja. Baadaye, kuanzia mwaka 2015, vijana walisomeshwa mwaka mzima katika vyuo ili wawe wahudumu wenye vyeti, na wengi wao hawakuajiriwa. Vyeti vyao vimo masandukuni.

Kwamba mafundisho ya jirani hubadili afya, hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha. Katika wilaya jirani ya Kongwa, trakoma ilikuwa ikipofusha watu, hasa akina mama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, vijiji vitatu vilipewa dawa ya macho pamoja na mikutano ya ujirani ya kuwahimiza wazazi wawaoshe watoto nyuso, na vijiji vitatu vingine vikapewa dawa peke yake. Trakoma kali ilipungua zaidi pale watu walipoketi na kuzungumza. Fikirini: katika nchi ya ukame kama yetu, ambako ndoo ya maji ina bei, wazazi walikubali kutenga maji kidogo ya uso wa mtoto kwa sababu jirani aliwaonyesha kwamba maji hayo hayafiki hata kikombe. Amri ya ofisini isingelifanya hilo.

Ng'ambo nako wamelitambua. Nchini Marekani, miongoni mwa watu wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, wengi wao wahamiaji wanaofanya kazi ngumu bila bima, kuna wanawake na wanaume wanaoitwa promotores. Hawa ni majirani waliofundishwa. Mwaka 1994 taasisi ya taifa inayoshughulika na moyo, mapafu na damu ilianzisha kazi ya afya ya moyo kwa ajili ya watu hao, kwa lugha yao wenyewe, na katika miaka iliyofuata promotores wakaenda nyumba kwa nyumba na kukutanisha familia sebuleni na katika kumbi za makanisa. Hawakuwaambia watu waache chakula cha mama zao. Waliwaonyesha namna ya kupika maharage yaleyale kwa mafuta na chumvi kidogo. Nimependa hilo, kwa sababu mara nyingi mafundisho ya afya hapa kwetu huanza kwa kulitukana sufuria la mtu.

Na kama kuna anayetaka ushahidi wa namba, upo wa Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, uliotolewa mwaka 2020. Katika jamii 30 za mashambani wahudumu wa kijiji walikwenda majumbani kupima presha na kushauri, huku waganga wakiandaliwa kuwatibu waliopelekwa kwao. Baada ya miaka miwili shinikizo la wagonjwa hao lilishuka kuliko la wale waliopata huduma ya kawaida, kwa kiasi cha tarakimu tano hivi kwa ile ya juu. Tano yaonekana ndogo. Kwa umati wa watu, hizo ni jeneza nyingi ambazo hazikuchongwa.

Anayefanya kazi anastahili ujira wake

Tarehe 31 Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hesabu yake ni kubwa: wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa nchi. Niliposikia habari hiyo nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini furaha ya mtu aliyewahi kuona sanduku la dawa likiisha huwa na tahadhari ndani yake.

Nianze na kifaa. Mhudumu asiye na mashine ya kupimia ni mhubiri wa afya tu. Atasema "kapimeni", na mtu atamjibu kwamba zahanati iko mbali na yeye haumwi. Nchini Kenya, wahudumu zaidi ya laki moja walioanza kazi mwezi Septemba 2023 walikabidhiwa mikoba ambayo ndani yake mlikuwa na mashine ya presha na kipimo cha sukari, na serikali kuu ikaahidi kuchangia nusu kwa nusu na kaunti posho ya Sh. 5,000 za Kenya kwa mwezi. Najua kwamba kumesikika malalamiko ya posho hizo kuchelewa katika baadhi ya kaunti. Hata hivyo mashine imo mkobani. 

Baada ya kifaa inakuja dawa. Kumpima mtu na kumwambia ana presha, kisha kumpeleka katika zahanati isiyo na vidonge, ni kumwongezea hofu juu ya ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa uliona kwamba vituo vya ngazi ya chini vilikuwa vimejiandaa vizuri zaidi kwa UKIMWI kuliko kwa presha na kisukari. Silalamiki kwamba UKIMWI ulipewa nguvu. Ndugu zetu wengi wako hai kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba imekwisha kuthibitika kuwa zahanati ya kijijini inaweza kumpa mgonjwa dawa ya kila siku kwa miaka mingi na kumfuatilia kwa jina. Kilichowezekana kwa ugonjwa mmoja kinawezekana kwa mwingine, na vidonge vya kawaida vya presha ni vya bei nafuu. Aidha, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa kulipia matibabu. Msamaha huo ni karatasi tupu pale mzee anapoambiwa: "Babu, dawa haipo, kanunue dukani." Msamaha wa dawa isiyokuwepo haumsaidii mtu.

Sasa ujira. Hapa naomba nizungumze bila kuzunguka, maana ninaowaandikia nami nimo miongoni mwao. Sisi wa Kanisa tumelipenda mno neno kujitolea. Tumelitumia kwa makatekista, kwa wapishi wa sikukuu, kwa walinzi, na sasa tunataka kulitumia kwa wahudumu wa afya. Tangu mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira unaomtosha kuishi, na fundisho hilo halikuweka pembeni kazi za huruma. Mwanamke anayetembelea kaya thelathini kwa mwezi, katika jua la Oktoba, akiacha shamba lake na watoto wake, anafanya kazi. Akirudi nyumbani mikono mitupu, mumewe atamuuliza swali moja, nasi tunalijua. Miezi sita baadaye ataacha, na tutasema hana moyo. Hapana. Tulimdhulumu.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wema, ni kwamba fedha ni chache, malaria ipo, wajawazito wapo, utapiamlo upo, kwa nini tuhangaike na presha ya wazee? Naliheshimu pingamizi hilo kwa sababu umaskini wetu si wa kubuni. Lakini tuangalie nani hasa anaanguka. Si wazee peke yao. Ni baba wa watoto watano. Ni mama wa miaka arobaini na minane anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam. Mtu aliyepooza huhitaji mtu mwingine wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha, na kwa kawaida anayechaguliwa ni msichana, ambaye huacha shule. Mbuzi huuzwa, kisha shamba. Kaya iliyokuwa ikijilisha huingia katika orodha ya wanaosubiri chakula cha msaada. Anayehesabu gharama ya vidonge na asihesabu gharama hiyo hajamaliza hesabu yake. Tena mhudumu ni yuleyule mmoja: akiingia uani kumwona mjamzito, bibi ameketi pale pale mlangoni. Kumfunga mkono dakika tano hakumzuii kazi nyingine.

Yaliyo mikononi mwetu

Yapo tunayoidai serikali, na yapo ambayo hatuna budi kuyafanya wenyewe. Wengi hawajui kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati, na kwamba zahanati ina kamati ya usimamizi ambayo wajumbe wake wamo wananchi. Katika kamati hizo wamo waamini wetu. Je, wanapokutana kupanga dawa za kununua, kuna anayetaja presha? Nilimuuliza mjumbe mmoja. Alinijibu kwamba yeye hutia sahihi pale anapoonyeshwa. Huyo ni mwenzetu, na kosa ni letu sote tuliompeleka huko bila kumwandaa.

Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Hakuna shirika lenye mtandao wa namna hiyo vijijini. Mhudumu wa kitongoji akialikwa mara moja kwa mwezi, baada ya sala, akawapima waliopo, kwa mwaka mmoja watu wazima wengi wa jumuiya watakuwa wamefikiwa. Waalikwe majirani wa madhehebu yote, Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu, kwa kuwa mishipa haina dhehebu. Mpimaji azingatie utaratibu: mtu aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili, na kipimo kimoja kikubwa kisitangazwe kuwa ugonjwa bali mtu huyo apewe karatasi ya kwenda zahanati. Na namba za mtu ni siri yake. Nimeona mahali fulani majina ya waliopimwa yakibandikwa ukutani kwa nia njema, na mwezi uliofuata hakuja mtu.

Akina mama wa WAWATA wanaopika katika sherehe za parokia wanaweza kuanza na sufuria la sherehe. Wakipunguza chumvi kidogo kidogo kwa miezi mitatu, ulimi hautatambua. Wanaume wa UWAKA nao wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa wanaume ndio wasiokubali kupimwa. Mwanamume wa kwetu hujiona mzima mpaka anapobebwa. Aende kiongozi wa UWAKA mwenyewe mbele ya wenzake, akunje shati.

Lipo pia jambo la mimbari. Wapo wahubiri, na sitawataja, wanaowaambia wagonjwa kwamba wameponywa na watupe dawa. Mgonjwa wa presha ni mwepesi wa kuwaamini, kwa kuwa hahisi kitu chochote anapoacha vidonge. Wiki ya kwanza yuko vizuri, wiki ya pili yuko vizuri, na ushuhuda unatolewa. Anapoanguka, ushuhuda wake hausomwi tena. Padre, katekista na mwenyekiti wa kigango waseme waziwazi, mara kwa mara, kwamba sala na kidonge havigombani, na kwamba dawa ya presha huendelea kunywewa hata mtu anapojisikia mzima. Neno la viongozi wa dini lina uzito hapa nchini, tena limepimwa: katika vijiji 16 vya mkoa wa Mwanza, wanaume walijitokeza kutahiriwa kwa wingi zaidi pale viongozi wa makanisa walipofundishwa kwanza habari hiyo, kama ilivyochapishwa mwaka 2017. Kama waliweza kusema habari za tohara mbele ya waamini, chumvi haiwezi kuwashinda.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa mujibu wa sheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika ule unaofuata, taarifa ya mapato na matumizi ikisha kusomwa, mmoja wetu anyooshe mkono aulize: wahudumu wetu wawili wa kila kitongoji ni akina nani na walichaguliwa lini, je, wana mashine ya presha, je, posho yao ya mwezi uliopita imefika. Majibu yaandikwe katika muhtasari, na nakala yake iletwe kwa katibu wa kamati ya haki na amani ya parokia.

Kuhusu yule mama mjane, tumekwisha kwenda kwa familia ya marehemu mara mbili. Mara ya kwanza hatukupewa hata maji. Mara ya pili mdogo wake marehemu, ambaye ana miaka 41, alikubali kupimwa na mhudumu tuliyekwenda naye, na mashine ikaonyesha 178 kwa 112. Aliikodolea macho kwa muda mrefu, kisha akaomba apimwe tena. Sasa yumo katika dawa. Kikao cha tatu kimepangwa baada ya mavuno, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema atakwenda kumchukua mama mkubwa kwa baiskeli.